Presha ya Mzee Breki

Katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kumpinga Mzee Breki, na wala si kwa sababu ya ukali wake. Ukali wake walikwisha kuuzoea tangu enzi za lori. Kilichowafunga midomo ni kimashine cheupe cha kupimia presha, chenye mkanda wa kuzungusha mkononi na kioo cha namba, ambacho mtoto wake wa kwanza alimletea kwa nia njema kabisa, asijue kwamba anamkabidhi baba yake rungu.

Mzee Breki alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu mpaka alipostaafu. Jina walimpa madereva wenzake, maana alikanyaga breki kwa kila kitu: kuku, mfuko wa nailoni unaopeperuka, hata kivuli cha nguzo. Walimcheka weee, lakini yeye ndiye aliyestaafu na meno yake yote. Siri yake, kama alivyomweleza kila aliyefanya kosa la kukaa karibu naye, ilikuwa kuheshimu geji. Geji ya mafuta, geji ya joto, geji ya upepo. Dereva anayebishana na geji, alisema, atalala porini na fisi. Kwa hiyo alipoziona zile namba zikipanda kwenye kioo kwa mara ya kwanza, alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Kumbe mwili nao una geji!

Na tuseme ukweli, alikuwa anaogopa. Mwaka uleule dereva mwenzake, waliyepokezana usukani miaka nenda rudi, alianguka bafuni asubuhi moja, mswaki ungali mdomoni, na hakuinuka tena. Moyo, watu walisema. Tangu siku ile Mzee Breki alilala mkono wake ukiwa kifuani, akiusikiliza ule moyo, na ukichelewa kidogo kudunda anaketi kitandani na kuwasha taa. Lakini mwanamume wa umri wake hasemi anaogopa. Anasema ana presha, na watu wote wanampisha.

Shida ilikuwa namna yake ya kupima. Karatasi ya maelezo ilikuja na mashine, akaikunja akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Mtu aliyekaa kwenye usukani tangu ujana wake aelekezwe na karatasi? Yeye alijua kwamba injini haipimwi ikiwa imesimama kivulini. Lori unalipima likiwa na mzigo, tena mlimani. Basi kila asubuhi alishuka ngazi mpaka chini, akageuka, akazipanda tena zote mpaka kwao ghorofa ya tatu bila kupumzika. Akifika anakunywa kikombe cha kahawa nzito, anakaa ukingoni mwa kiti, anapachika mguu mmoja juu ya mwingine, anafunga mkanda juu ya mkono wa sweta, na ili mzigo ukae sawasawa anajikumbusha jambo moja la kumuudhi. Mambo ya kumuudhi hayakumpungukia. Kisha anabonyeza kitufe huku akieleza kwa sauti anachokifanya.

Namba zilikuja za kutisha. Mzee Breki alizitazama kwa huzuni, na kama ungemchungulia vizuri ungeona na majivuno kidogo.

Nyumba ikabadilika. Televisheni ilizungumza kwa kunong'ona. Bawaba za milango zilitiwa mafuta. Mkewe, mwanamke mnene kiasi, mcheshi, aliyekuwa akiimba jikoni mpaka majirani wanaitikia, aliacha kuimba. Akawa anapika sufuria mbili, moja ya mzee isiyo na chumvi na moja ya watu wengine, na kwa kuwa mzee alikuwa akiionja ya kwake na kuisusa, mkewe aliila ile, kisha akaingia jikoni kumpikia nyingine. Kwa kuwa mzee hakutakiwa kuchoka, mkewe ndiye aliyepandisha ngazini kapu la sokoni, ndoo za maji yalipokatika, hata mtungi wa gesi. Asubuhi aliamka kabla yake ili ahakikishe anapumua. Usiku alilala baada yake kwa sababu hiyohiyo.

Haikuchukua muda mzee akagundua kwamba geji inafaa na kwa mambo mengine. Mkewe alipotaka sebule ipakwe rangi ya kijani, mzee alifunga mkanda, akawaza kijani, akabonyeza. Namba zikapanda. Sebule ikabaki na rangi yake ya tope. Siku nyingine alijifunga mkanda katikati ya ubishi wa nani kamaliza sukari, na wote wakakiri kwa mpigo kwamba ni wao.

Usidhani alikuwa anaigiza. Hapo ndipo penye uchungu na kichekesho. Mzee Breki aliamini kabisa kwamba moyo wake unatoa hukumu, yeye anaisoma tu.

Sasa alikuwapo binti yake kitindamimba, mshonaji wa mapazia, ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Jioni moja, baada ya kumwamkia baba yake na kumsogezea stuli ya miguu, alikaa mkekani.

"Baba, kuna mtu anataka kuleta wazee wake Jumamosi. Kunichumbia."

"Mtu gani?"

"Unamfahamu, baba. Yule muuguzi wa zahanati."

Mzee aliinuka nusu kiti. Alimfahamu sana. Alipokwenda zahanati mara ya kwanza, alikalishwa kwenye benchi muda mrefu, ndipo kijana mmoja mrefu mwenye sauti ya upole akampima na kumwambia, "Presha yako nzuri, mzee wangu. Hongera." Hongera! Mzee Breki alitoka pale akiwa amechukia, akamtangaza mtaa mzima kwamba ni mbumbumbu, anapima injini isiyo na mzigo. Binti, aliyekuwa amemsindikiza, alirudi peke yake kumwomba radhi yule kijana kwa niaba ya baba. Radhi ile ilihitaji siku nyingi kukamilika.

"Mama watoto!" mzee aliita. "Niletee mashine."

Mkewe aliileta mbio kutoka jikoni, akihema. Mkanda ukafungwa. Mzee alimwaza muuguzi, akaiwaza na ile hongera, akabonyeza. Kimashine kikanguruma, kikapumua, kikatoa mia na sabini na tisa.

"Umeona mwenyewe," mzee alisema taratibu, akimgeuzia binti kioo. "Mimi sina neno na mtu. Moyo ndio umekataa. Ukitaka kuolewa na huyo, olewa, lakini uje na sanda ya baba yako."

Binti alilia usiku ule akiwa ameuma mto ili baba asisikie. Asubuhi alimwambia mama yake kwamba atamjibu kijana hapana, kwani ataishije na mume aliyemuua baba? Mama alimfuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, "Usimjibu chochote bado. Mwambie aje hapa. Mwambie anakuja kuifanyia mashine servisi."

Huyu mama alimjua mumewe. Mzee angeweza kumfungia mlango muuguzi, angeweza kumfungia mkwe, lakini geji kukosa servisi? Hilo Mzee Breki hakuliweza.

Muuguzi alifika Alhamisi asubuhi na mkoba wake wa kazi. Alimkuta mzee ndiyo kwanza anamaliza kupanda ngazi, jasho linamtiririka. Alimwona akinywa kahawa. Alimwona akipachika mguu na kufunga mkanda juu ya sweta. Binti alikuwa amejibanza kwenye pazia la ukumbini, roho iko mkononi.

"Mzee wangu," muuguzi alisema kwa adabu, "kwani kuna mtu anakufukuza?"

"Napima na mzigo," mzee alimjibu kwa ubaridi. "Nyie mnapima watu waliokaa. Mtu aliyekaa anaumwa nini?"

Mwingine angecheka. Muuguzi aliuma mdomo, akaomba kiti, akakunja ngumi yake na kuiweka kifuani, katikati, ikielekea kidogo kushoto.

"Moyo wako ni kama ngumi yako, hivi. Una vyumba vinne. Viwili juu vya kupokea damu, viwili chini vya kuisukuma."

"Vinne," mzee alisema. "Na mimi mwenye moyo ninakaa kwenye viwili."

"Katikati kuna vijilango. Vinafunguka upande mmoja tu. Damu ikipita, vinajifunga nyuma yake isirudi."

"Valvu. Unamfundisha nani valvu?"

"Basi nimefika kwa mwenyewe. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka, iliyotoka mwilini, unaipeleka mapafuni hapohapo jirani ikachukue hewa safi. Safari fupi. Ikirudi inaingia upande wa kushoto, na huo ndio unaoirusha mwili mzima, kichwani mpaka kidole cha mguu. Ndiyo maana ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia."

Mzee Breki alishusha mguu bila kujua. "Kwa hiyo wa kulia ni wa kusambaza mjini," alisema. "Wa kushoto ndiye wa masafa marefu."

"Hasa."

"Na analala wapi huyu?"

Swali hili lilimtoka kwa namna ambayo mwenyewe hakuitegemea. Alikuwa amelala porini mara nyingi, chini ya lori, akiwasikiliza wadudu, na ghafla alimwonea huruma yule dereva wa kifuani.

"Halali, mzee. Anapumzika kati ya pigo na pigo, kidogo kidogo. Ndiyo hizo namba mbili. Ya juu ni damu inavyosukuma kuta za mishipa moyo unapojikaza. Ya chini ni wakati moyo umejilegeza. Ukipanda ngazi, ukikasirika, ya juu lazima ipande, ndiyo kazi yake. Mtu yeyote akikimbia inapanda, hata mimi. Ugonjwa ni pale inapokuwa juu na mtu katulia tuli."

Basi mzee akavuliwa sweta. Akaegemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mkono mezani, akakatazwa kusema. Kukatazwa kusema kulimuumiza kuliko yote. Walikaa kimya mpaka jasho likamkauka, ndipo muuguzi akabonyeza. Mia na ishirini na sita, kwa sabini na nane. Akarudia. Karibu vilevile.

"Mzima wa afya," muuguzi alisema, na safari hii hakuthubutu kutoa hongera.

Ungedhani mzee angeruka kwa furaha. Wapi! Alihisi kama amenyang'anywa leseni. Miezi yote ile alikuwa mgonjwa wa heshima, mtu wa kunong'onewa, na sasa kijana huyu anamrudisha kwenye kundi la wazee wa kawaida wanaoweza kutumwa dukani. Akakumbuka na binti yake. Akaona mtego wote.

"Ahaa!" alisema. "Umeichezea! Umekuja kuishusha geji ili uoe! Mama watoto, njoo hapa. Njoo akupime wewe, huna ugonjwa wowote, tuone kama mashine haitasema na wewe umekufa."

"Niacheni, nina sufuria jikoni," mkewe alijibu.

"Njoo, nimesema!"

Alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. Muuguzi akamketisha vilevile, mgongo kwenye kiti, miguu chini. "Mama, tulia kidogo, usifanye kitu chochote."

Wakangoja. Mzee alimtazama mkewe akiwa ameketi, mikono imelala, na kitu fulani kikamsumbua, kama mtu anayetazama chumba chake mwenyewe na kuona kimebadilishwa. Ilimchukua muda kukielewa. Hakukumbuka lini alimwona mara ya mwisho ameketi.

Mkanda ukajaa upepo, ukasinyaa. Muuguzi alizitazama namba, akakunja uso, akahamisha mkanda mkono wa pili. Akangoja. Akapima tena.

"Haya," mzee alisema kwa ushindi. "Inasemaje hiyo takataka yako?"

"Mia na tisini na mbili," muuguzi alisema polepole. "Kwa mia na kumi na nne."

"Umesikia! Mashine mbovu!"

Muuguzi hakubishana. Alijifunga mwenyewe, ikatoa namba za mtu mwenye afya. Akamfunga mzee tena, ikatoa zilezile za mwanzo. Akatoa mkobani kipimo chake cha kazi, cha kupampu kwa mkono, akachomeka vifaa masikioni, akamsikiliza mama kwa makini. Zikawa zilezile. Sebuleni hapakuwa na sauti isipokuwa sufuria iliyokuwa ikiungua, na hakuna aliyeikimbilia.

"Mama, kifua kinabana? Macho yanaona vizuri? Mkono au mguu haufi ganzi?"

"Hapana, mwanangu. Niko sawa."

"Kichwa?"

"Kinaniuma asubuhi. Si sana. Na nikipanda ngazi na mzigo naona nyota kidogo, nashika ukuta, zinaondoka."

"Tangu lini?" Huyu aliyeuliza alikuwa Mzee Breki.

Mkewe alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Sijui, baba watoto. Tangu hii mashine ilipokuja sijapata nafasi ya kuumwa."

Muuguzi alisema presha ya namna hii inaweza kumkaa mtu muda mrefu bila kupiga hodi, inachosha ile misuli ya moyo na kuidhuru mishipa ya kichwani na ya figo, na mwenye nayo anaendelea kupika. Dawa zipo. Ila twende sasa hivi, si kesho. Binti akazima jiko, akamletea mama viatu. Mzee Breki alifungua mdomo atoe amri, kwani alikuwa mtu wa kutoa amri, akakuta hana hata moja. Akachukua mkoba wa mkewe, ule mweusi wa kike wenye kifungo cha dhahabu, akautundika begani, akashuka nao ngazi zote mbele za watu.

Shukeni naye taratibu, alikuwa akiwaambia. Pumzikeni hapo kwenye kona. Mshike mkono. Ngazi ambazo alizipanda kila asubuhi kujitafutia ugonjwa sasa zilimtia hofu moja moja. Aliona zilivyo nyingi, na alipowaza mtungi wa gesi alifumba macho.

Hospitalini daktari, mama mmoja mwenye miwani na haraka zake, aliuliza maswali huku akiandika. Mgonjwa analala saa ngapi? Anatumia chumvi kwa wingi? Kuna mtu kwao aliyekuwa na presha? Amewahi kupimwa lini? Kila swali daktari alimtazama mume, kama inavyostahili, na kila swali mume alimtazama binti. Swali la chakula hakuliweza. Swali la kulala hakuliweza, maana siku zote alitangulia yeye. Kuhusu nyota za ngazini ni muuguzi aliyejibu, akaeleza na maumivu ya asubuhi, na namba za mikono yote miwili, na kwamba mama yake mama alifariki kwa kiharusi. Hilo la mwisho alikuwa amemwuliza mama garini, wakija.

Mzee Breki alilijua hilo la kiharusi. Alihudhuria mazishi. Aliendesha lori la kubebea waombolezaji. Wala halikumjia kichwani hata mara moja.

"Na wewe kijana ni nani wa mgonjwa?" daktari aliuliza.

Muuguzi akajikuna shingo. Binti akatazama viatu vyake.

"Anamwoa binti yetu," Mzee Breki alisema. "Wazee wake wanakuja Jumamosi. Kama Jumamosi mama hajapata nafuu watakuja Jumamosi nyingine, na mimi ndiye nitakayewapikia."

"Mungu awasaidie," mkewe alisema kitandani, macho amefumba.

Walimpa dawa, wakasema akae chini ya uangalizi mpaka jioni waone inavyoshuka, na kuanzia leo dawa kila siku, bila kuruka hata akijisikia vizuri. Vijana wakatoka kwenda kununua maji, wakachukua muda ambao maji hayauhitaji. Mzee Breki akabaki kwenye kiti cha plastiki, mkoba wa kike mapajani, akiitazama mashine kubwa ya hospitali pembeni ya kitanda. Namba za mkewe zilikuwa zimeanza kushuka kidogo. Alizitazama mpaka macho yakamwasha, kisha akaacha kuzitazama, akamtazama mkewe.

Alikuwa na mvi ambazo hakuzifahamu.

"Mke wangu," alisema. Sauti ilimtoka kubwa, kama ya kushindana na injini, mgonjwa wa kitanda cha pili akashtuka. Akairudisha chini. "Mke wangu. Miezi yote hii nilikuwa naogopa."

"Najua."

"Nilikuwa naogopa nitakufa nikuache peke yako. Usiku nalala naogopa hilo tu." Akavuta pua. "Haikunipitia hata siku moja kwamba wewe ndiye ungeweza kuniacha mimi."

Mkewe alifumbua macho. Alimtazama muda mrefu yule dereva wake mzee, na ule mkoba, na kamasi zilizokuwa zikitafuta njia.

"Nifutie hiyo pua kwanza," alisema. "Kisha nivutie mto hapa mgongoni, unaniumiza tangu saa ile."

Mzee Breki aliinuka upesi akauvuta mto. Akauliza kama unatosha. Akaambiwa bado, akauvuta tena, akauliza tena.